Makopo Yaliyobaki Baada ya Krismasi: Kalsiamu, Mafuta ya Samaki na Mfuko Mzima wa Dawa

Maneno haya niliyasema Jumamosi mbele ya kikundi cha wastaafu hapa Moshi mjini. Wengi hawakufika kwa sababu ya msiba uliokuwa Rombo siku hiyohiyo, wakaomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka kinywani.

Shikamooni wazazi wangu. Shimboni! Asanteni, naona hata safu ya nyuma imeitikia.

Nianze kwa swali. Nani hapa, kuanzia Krismasi mpaka leo, ameachiwa kopo la vidonge na mtoto wake? Inueni mikono, msione haya. Mmoja, wawili, watano... basi, siwezi kuhesabu. Ndivyo Desemba yetu ilivyo. Magari yanapanda kutoka Dar usiku kucha, wajukuu wanajaa migombani, mbuzi anachinjwa, na yule mtoto aliyetoka Marekani au Uingereza anafungua begi. Anatoa sweta ya mama. Anatoa viatu vya baba. Halafu anatoa makopo mawili makubwa. "Mama, hili ni la mifupa. Baba, hili ni la moyo." Ikifika Januari mtoto amesharudi kazini, na makopo yamebaki kabatini na maandishi yake madogo ya Kiingereza. Nani aliwaeleza namna ya kuyatumia?

Lile la mifupa ni kalsiamu. Lile la moyo ni mafuta ya samaki. Mimi ni mfamasia, nimesimama nyuma ya kaunta miaka 22, na kila Januari ninaulizwa swali moja: naweza kunywa vyote viwili?

Nitalijibu sasa hivi, ili hata anayewahi gari la Marangu aondoke na jibu. Ndiyo, unaweza. Kalsiamu na mafuta ya samaki havigombani. Unaweza kuvinywa siku moja, hata mlo mmoja, na havitageuka sumu tumboni mwako.

Lakini kama jibu lingeishia hapo, nisingewatoa nyumbani Jumamosi. Ninachowaogopea mimi ni kitu cha tatu: ile dawa nyingine iliyomo mkobani, ambayo hukuitaja kwa sababu hukuulizwa. Ndiyo maana kwenye tangazo niliandika mje na mfuko mzima. Sikusema kopo moja. Mfuko mzima.

Kuna mama mmoja wa Kibosho, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, alikuja kwangu miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa amepanga ratiba kama ya shule. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kalsiamu. Jumanne na Alhamisi, mafuta. Makopo yenyewe aliyaweka vyumba viwili tofauti. Nikamwuliza, "Mama, nani alikuambia ufanye hivi?" Akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. "Mwanangu, chokaa na mafuta ukivikutanisha, si vinakuwa sabuni?"

Nilinyamaza, maana yule mama hakukosea kabisa. Mnaofua kwa maji magumu ya kisima mnalijua hili. Unasugua, povu halitoki, na kwenye beseni unabaki utando mweupe. Ule utando ni kalsiamu ya kwenye maji iliyokamatana na mafuta ya kwenye sabuni. Ndani ya utumbo jambo kama hilo hutokea kwa kiasi kidogo. Kalsiamu kidogo hushikana na mafuta kidogo, vikatoka pamoja na choo. Tena hushikana zaidi na mafuta magumu kama ya ng'ombe kuliko haya laini ya samaki. Hakuna anayeugua kwa hilo. Labda unapoteza sehemu ndogo ya ulichonunua, basi.

Kwa hiyo, ukitaka kila kimoja kifanye kazi kwa nafasi yake, kalsiamu inywe na kifungua kinywa na mafuta uyanywe na chakula cha jioni. Na kama wewe ni msahaulifu, vimeze vyote mchana ukishakula. Kukumbuka kila siku kuna faida kubwa kuliko kutenganisha.

Neno la kushika hapo ni chakula. Kalsiamu nyingi zinazouzwa ni kalsiamu kaboneti, na hiyo huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Tumbo humwaga asidi ya kutosha likiona chakula. Ukiimeza usiku tumbo tupu, nyingi inapita tu. Kuna aina nyingine, kalsiamu sitreti, ambayo haidai chakula, na hiyo inawafaa wale wanaotumia omeprazoli kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo, kwa kuwa asidi yao imezimwa. Mafuta ya samaki nayo yanataka mlo wenye mafuta kidogo, ili nyongo imwagike iyashike. Mtori wenye nyama unatosha. Kipande cha parachichi kinatosha. Ukinywa na chai ya rangi tupu utacheua harufu ya samaki mpaka jioni, na utasema dawa ni mbaya.

Na jambo dogo ambalo halimo kwenye kopo: kidonge cha kalsiamu ni kikubwa kama haragwe. Msimeze mkiwa mmelala. Kaa wima, kunywa glasi nzima ya maji. Nimeshaona bibi akikabwa na kidonge kilichokuja kumlinda.

Sasa tuje kwenye kiasi.

Mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, alishikwa na maumivu yanayoanzia kiunoni yakishuka hadi kwenye kinena. Mnaoyajua mnajua. Hospitali ikakuta jiwe kwenye figo. Aliporudi kuchukua dawa kwangu nikamwuliza kama anatumia kalsiamu. "Kidonge kimoja tu, asubuhi na jioni." Nikamwomba arudi na mfuko mzima. Akarudi nao kesho yake, mfuko wa rambo uliojaa, tukaumwaga juu ya kaunta.

Tukahesabu pamoja. Kile kidonge kilikuwa na miligramu 600, mara mbili kwa siku: 1,200. Alikuwa pia na multivitamini, ndani yake 200. Halafu yale ya kutafuna ya kiungulia, ambayo aliyala kama pipi, sita au zaidi kwa siku. Je, mnajua yale yametengenezwa kwa kitu gani? Ni kalsiamu kaboneti ileile! Kila kimoja kilikuwa na 200. Sita ni 1,200 nyingine. Tumefika 2,600, na bado hatujahesabu glasi zake mbili za maziwa, ambazo kila moja ina kama 300. Jumla 3,200 kwa siku, wazazi wangu.

Mtu mzima anahitaji kiasi gani? Miligramu 1,000 kwa siku. Mwanamke aliyevuka miaka 50, na kila mtu aliyevuka 70, ni 1,200. Na sikilizeni vizuri: hesabu hiyo ni ya chakula na kidonge pamoja. Si chakula kivyake na kidonge kivyake! Kidonge kinajaza pengo lililobaki baada ya sahani. Kwa mwenye zaidi ya miaka 50 ukomo ni 2,000 kwa siku. Yule mzee alikuwa ameuvuka kwa 1,200.

Siwezi kuapa kwamba jiwe lile lililetwa na vidonge. Mawe yana sababu nyingi, na kutokunywa maji ukiwa barabarani ni mojawapo. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, wa wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi, uliwapa nusu yao miligramu 1,000 za kalsiamu na uniti 400 za vitamini D kwa miaka kama saba. Mifupa ya nyonga iliimarika kidogo. Mawe ya figo yakaongezeka kwa asilimia 17. Na hao walipewa 1,000 tu juu ya chakula chao.

Mwili pia una mlango mwembamba. Kwa mara moja hupokea vizuri kama miligramu 500, ukizidisha, nyingi inapita. Kwa hiyo kidonge kikubwa cha 1,000 ni afadhali ukigawe mara mbili. Na ukisoma lebo, tazama wamekuandikia nini. Wakiandika kalsiamu kaboneti 1,250, kalsiamu yenyewe iliyomo ni 500, kwa sababu ni asilimia 40 tu ya uzito ule. Sitreti ni asilimia 21. Wengine huandika kalsiamu yenyewe moja kwa moja. Usipojua umeandikiwa ipi, uliza. Kuuliza ni bure, hata kama kopo hukulinunua kwetu.

Wanaotumia dawa ya presha ya kukojosha, kama bendrofluazaidi au haidroklorothiazaidi, naomba mnisikilize. Dawa hiyo huifanya figo izuie kalsiamu isitoke. Ukiongeza vidonge juu yake, kalsiamu inaweza kupanda kwenye damu. Dalili zake ni kiu isiyokatika, choo kigumu, kichefuchefu, kukojoa kila mara, na kwa wazee kuchanganyikiwa. Watu husema "uzee umemwingia" kumbe ni kidonge.

Neno hilo, "uzee umemwingia", ndilo linalonifikisha kwa mama yangu mzazi.

Mama alipasuliwa rovu mwaka 2009. Tangu hapo anakunywa kila asubuhi kidonge kidogo cha levothiroksini, ambacho hufanya kazi ya ile tezi iliyoondolewa. Kinamfaa sana, na miaka minane hakuwa na shida. Halafu masika ya mwaka 2017 akateleza kwenye tope la shambani, akaegemea mkono, mfupa wa kiwiko cha mkono ukavunjika. Daktari akasema mifupa imeanza kuwa myepesi, apate kalsiamu. Na mimi, mtoto wake mfamasia, nikaifungasha kwa mikono yangu mwenyewe, nikampelekea. Sikumwuliza ataimeza saa ngapi. Nilijiambia, dawa za mama nazijua.

Baada ya miezi michache mama akaanza kusikia baridi. Si baridi ya Julai ya huku kwetu, ambayo tumeizoea, bali baridi ya mchana jua likiwaka. Akawa anasinzia kanisani, yeye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Ngozi ikakauka, sauti ikawa nzito, choo kikawa kigumu, akawa anasahau sufuria jikoni. Tukakaa ndugu, tukasema uzee umeingia. Alipimwa, daktari akaongeza dozi ya tezi. Miezi ikapita, akaongeza tena. Hali ileile.

Wikiendi moja nikalala kwake. Asubuhi saa moja, nikiwa nimeshika kikombe cha chai, nikamwona akifungua kopo moja, akafungua la pili. Kiganjani kidonge kidogo cheupe, na pembeni yake kile kikubwa kama haragwe. Akavitupa mdomoni vyote, akashushia maziwa.

Niliweka kikombe chini. Nililia, wazazi wangu.

Kalsiamu ikikutana na levothiroksini tumboni, huishika. Dawa inamezwa lakini haifiki kwenye damu kama inavyopaswa. Maziwa nayo yana kalsiamu, yanasaidia kuishika. Mama alikuwa akinywa dawa kila siku bila kukosa, na bado alikuwa kama mtu asiyeinywa. Daktari hakuwa na kosa, aliona kipimo akaongeza dozi. Mama hakuwa na kosa, alitii kila alichoambiwa. Kosa lilikuwa langu, na kosa lenyewe ni swali moja nililoacha kuuliza.

Dawa yake ilikuwa saa nne za kutenganisha. Saa nne tu! Levothiroksini alfajiri kwa maji matupu, kalsiamu ikahamia mchana na jioni. Baada ya kama miezi miwili alipopimwa tena, daktari akaanza kushusha dozi. Pasaka iliyofuata akarudi kwenye kwaya.

Mafuta ya samaki hayakuhusika hapo hata kidogo. Mtu angemwuliza mama "kalsiamu na mafuta vinaendana?" angejibiwa ndiyo, na ndiyo hiyo ingekuwa kweli, na isingemsaidia kitu.

Ni dawa zipi nyingine zinazokamatwa namna hiyo? Antibayotiki mnazozijua: doksisiklini na jamii yake, na siprofloksasini. Hii ya pili huinywa saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake. Kama ni dozi ya siku tano, mimi huwaambia watu waache kalsiamu siku hizo. Mifupa haitavunjika kwa siku tano. Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, navyo visimezwe pamoja na kalsiamu, viachane saa mbili au zaidi. Na wale wanaopewa alendronati ya mifupa kila wiki: hiyo inataka tumbo tupu, maji matupu, na angalau nusu saa kabla ya kitu chochote, kalsiamu ikiwamo.

Kuna moja nyingine, nami nitaitaja kwa sauti ileile niliyotajia hizo. Dawa za ARV tunazotumia sana sasa, TLD, ndani yake mna dolutegraviri. Kalsiamu huikamata hiyo pia. Ukinywa TLD tumbo tupu, iwe saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake. Ukivinywa vyote pamoja na chakula, hapo inaruhusiwa. Utaratibu ni mwepesi hivyo. Lakini ni nani atakayekuambia, kama kopo la kalsiamu umeletewa na mtoto na TLD umeificha chini ya godoro? Ninawaomba. Huhitaji kuitaja mbele ya watu. Njoo famasi, subiri wateja wapungue, niambie kwa sauti ya chini. Mimi sitakushangaa, nitakuandikia saa tu.

Kwa binti zenu wajawazito: kalsiamu ina kazi yake kubwa kwao, ya kupunguza kifafa cha mimba. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza, na mwingine kama huo India, yakionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuzidiwa na 1,500 katika kuzuia tatizo hilo. Kidonge kimoja badala ya vitatu! Utafiti wa hapahapa kwetu. Basi wafuate wanachopewa kliniki, wakitenganishe na kile cha kuongeza damu.

Nihamie kwenye kopo la moyo.

Mzee mmoja wa Old Moshi ana vali ya bandia moyoni. Anatumia warfarini, ile dawa ya kuifanya damu isigande. Binti yake alimtumia mafuta ya samaki kwa upendo mtupu, naye mzee akaona kama kidonge kimoja kinasaidia, sita vitasaidia zaidi. Kwenye send-off ya mjukuu damu ikaanza kutoka puani, ikagoma kukatika. Wakamkimbiza hospitali. Baadaye walipoleta mfuko mzima kwangu, nikakuta na kitu kingine: diklofenaki, aliyonunua dukani kwa ajili ya magoti.

Ni kipi kilichomwaga damu ile? Diklofenaki na warfarini peke yake vinatosha kabisa kumwaga damu. Mafuta ya samaki kwa dozi ndogo hayajaonekana kuwamwaga watu damu. Kwa dozi kubwa yanaweza kuongeza wepesi wa damu kidogo, na mtu aliye ukingoni hahitaji kusukumwa sana. Kwa hiyo anayetumia warfarini, klopidogreli, au aspirini ya kila siku, asiyaanze bila daktari wake kujua, na wa warfarini apime INR, kile kipimo cha kuganda kwa damu, baada ya kuanza. Anayekwenda kupasuliwa amwambie daktari mapema, hata kama ni jicho, hata kama ni jino. Na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio asijipe dozi kubwa: tafiti zilizotumia gramu 4 kwa siku ziliona tatizo hilo likiongezeka kidogo.

Na lebo, jamani. Mbele wameandika miligramu 1,000 kwa herufi kubwa. Hiyo ni mafuta yote. Geuza kopo usome nyuma, utaona herufi EPA na DHA. Hizo ndizo omega 3 zenyewe, yale mafuta hasa unayoyatafuta. Kwenye kidonge cha kawaida ni 180 na 120, jumla 300. Kwa watu wazima wenye afya, wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema mwaka 2012 kwamba hadi gramu 5 za EPA na DHA kwa siku hazileti wasiwasi. Mko mbali sana na hapo kwa kidonge kimoja au viwili. Swali langu kwenu ni jingine: mnakihitaji?

Nitawaambia ukweli ingawa mimi ndiye muuzaji. Utafiti wa Marekani uliotoka mwishoni mwa mwaka 2018, wenye watu 25,871 wasiokuwa na ugonjwa wa moyo, uliwapa wengine gramu moja ya mafuta haya kila siku kwa miaka zaidi ya 5. Kwa ujumla hayakupunguza mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa kiwango cha kutegemewa. Kwa mwenye mafuta mengi sana kwenye damu, dozi kubwa inayotolewa na daktari ina kazi yake. Kwa mwenye afya anayekula samaki, fedha ile ningependa aipeleke kwingine.

Angalieni pia kama kopo limeandikwa mafuta ya ini la samaki, yale ya samaki aitwaye kodi (cod). Hayo si sawa na mafuta ya samaki ya kawaida. Yana vitamini A na D. Ukiyachanganya na kalsiamu yenye vitamini D na multivitamini, vitamini zinajirudia mara tatu. Vitamini A ikizidi huharibu ini na kudhoofisha mifupa ileile unayoilinda, na mjamzito haimfai, inaweza kudhuru mtoto tumboni. Bibi, usimgawie mjukuu mjamzito kopo lako.

Yakinuka kama samaki aliyeoza, tupa. Msiyaweke juu ya friji wala karibu na jiko, na dirishani kwenye jua ndiyo kabisa yasikae.

Sasa nendeni soko la Mbuyuni mwone kile ninachokisifia mimi. Dagaa! Dagaa mkavu analiwa mzima, na mifupa yake. Ndani ya mfupa ule ndimo kalsiamu ilimo, na kwenye mwili wake mna mafuta ya samaki. Makopo yote mawili kwenye sahani moja, na hakuna lebo ya kusoma. Akija kibua kutoka Tanga, mnunueni, huyo ana mafuta hasa. Perege wa Nyumba ya Mungu ni mzuri ila mafuta hayo anayo kidogo. Mtindi, kila siku. Sukuma wiki hutoa kalsiamu yake vizuri. Mchicha ninaupenda, ila kalsiamu yake imefungwa na kitu kinachoitwa okzaleti, mwili hauipati nyingi. Na jua mikononi na miguuni, ili ngozi itengeneze vitamini D.

Wenye ndugu upande wa Arumeru mnisamehe nitoke nje kidogo. Huja watu kutoka kule na kutoka Maji ya Chai, meno yana rangi ya kahawia, miguu imepinda, magoti yanauma, wakitaka kalsiamu. Mara nyingi shida ni madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 1.5 kwa lita kuwa ukomo, na vyanzo vingi vya kule vimeuvuka. Kidonge hakitanyoosha mguu huo. Maji ndiyo ya kubadilisha. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi ya kuchuja floridi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Na magadi tunayotia kwenye kiburu na makande nayo hubeba floridi, kwa hiyo mpikieni mtoto mdogo bila magadi.

Nimesema mengi, na naona mifuko magotini imeanza kusogezwa. Pale chini ya mwarobaini kuna meza mbili. Kwenye moja nitakaa mimi, kwenye nyingine yuko mwenzangu. Kila mtu atamwaga mfuko wake mzima, tutaandika kwenye karatasi moja: kitu gani, saa ngapi, pamoja na nini. Karatasi hiyo mtaibandika kwenye kabati, na ipigeni picha mumtumie yule mtoto aliyeleta makopo. Aliye na jambo la faragha aseme tu anataka kupimwa presha, nitamwelewa, tutaingia kile chumba cha ndani.

Bibi mwenye kikapu cha ukili pale mbele, umekikumbatia tangu asubuhi. Njoo tuanze na wewe.